Ibrahimu hakuwa na stakabadhi: kuhesabiwa haki kwa imani maana yake nini?

Muulize Mkristo yeyote kati ya Kilwa na Newala anaokolewa kwa njia gani, atakujibu papo hapo: kwa imani. Muulize tena imani hiyo ni kitu gani, hapo majibu yanaanza kuachana njia. Mmoja atasema ni kukubali kwamba Mungu yupo. Mwingine atasema ni kuwa na uhakika moyoni kwamba ulichoomba umeshakipata. Wa tatu, hasa akiwa amelelewa katika kanisa la zamani kama la Masasi au Ndanda, atakukumbusha kwamba imani bila matendo imekufa, kwa hiyo tufunge, tutoe zaka, tusikose misa. Wote watatu wameshika kipande cha ukweli. Lakini vipande hivyo vikipangwa vibaya vinaumiza watu, na wanaoumia zaidi ni wale wanaoambiwa kwamba imani yao haikutosha.

Mama ameuguza mwanawe wiki nzima, amekesha kwenye maombi, mtoto amefariki. Kwenye msiba anakuja mtu wa kanisani, anakaa karibu naye mkekani, anamwambia kwa upole kabisa: "Dada, shaka ndiyo adui. Ungeamini bila shaka, mtoto angesimama." Nimeyasikia maneno hayo kwa masikio yangu. Mama yule hakujibu kitu. Alikuwa akikunja pindo la kanga yake, anakunjua, anakunja tena. Aliyesema hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amefundishwa hivyo, na fundisho lenyewe ndilo lenye kasoro: limeigeuza imani kuwa malipo ambayo mtu anatakiwa kuyafikisha kamili ndipo Mungu naye atimize upande wake. Biblia inafundisha kinyume cha hapo, na inafundisha kwa kutumia maisha ya mtu mmoja mzee, Ibrahimu.

Usiku ule wa Mwanzo 15

Mtume Paulo, alipowaandikia Wakristo wa Roma kuwaeleza jinsi mtu anavyohesabiwa haki, yaani anavyokubaliwa mbele za Mungu, hakuanza na hoja za kifalsafa. Alirudi kwenye Mwanzo, sura ya 15. Nasi turudi huko, tena pole pole, kwa sababu sehemu kubwa ya fumbo hili inafunguka palepale.

Wakati huo bado anaitwa Abramu. Ametoka Harani akiwa na miaka 75, ameacha ndugu na ardhi ya baba yake kwa sababu Mungu alimwahidi nchi, uzao, na baraka kwa jamaa zote za dunia. Miaka imekwenda. Sarai mkewe hajazaa. Mtu anayeonekana atarithi mali ni mtumishi wa nyumbani, Eliezeri wa Dameski. Mungu anapomjia katika njozi na kumwambia "Usiogope, Abramu", mzee huyu hajibu kwa shangwe. Analalamika. Utanipa nini, anauliza, nami naenda zangu sina mtoto? Hajafichaficha. Anamweleza Mungu waziwazi kwamba anachokiona hakifanani na alichoahidiwa.

Mungu anamtoa nje, anamwambia ahesabu nyota kama anaweza, kisha: ndivyo utakavyokuwa uzao wako. Aliyewahi kulala uani Nachingwea au Liwale wakati wa kiangazi, kijiji hakina umeme, anajua mbingu ile ilivyokuwa. Kisha unafuata mstari ambao Paulo ataushika kwa mikono miwili: "Akamwamini BWANA, naye akamhesabia jambo hili kuwa haki."

Sasa angalia Abramu alikuwa na nini mkononi dakika moja baada ya kuamini. Kilekile alichokuwa nacho kabla. Mtoto hayupo. Ardhi hana. Sarai ni yuleyule. Kilichobadilika ni kwamba sasa anamtegemea aliyesema. Wala hakugeuka kuwa mtu asiyeuliza: mistari miwili mbele, akiwa tayari ameshahesabiwa haki, anauliza tena, nitajuaje kwamba nitairithi nchi hii? Wanaohubiri kwamba swali ni dhambi na kwamba imani ya kweli haina kigugumizi, wanautoa wapi ujasiri huo, ikiwa baba wa waamini mwenyewe aliuliza?

Jibu la Mungu kwa swali hilo ndilo jambo kubwa kuliko yote katika sura hii, na kwa bahati mbaya ndilo tunalolipita haraka kwenye mahubiri. Abramu anaambiwa alete ndama jike wa miaka mitatu, mbuzi jike, kondoo dume, hua na mwana wa njiwa. Wanyama wakubwa anawapasua katikati, anapanga vipande vikitazamana, ndege hawapasui, na tai wanapotua anawafukuza. Jua linapokuchwa, usingizi mzito unampata. Kisha giza linaingia, na tanuru ya moshi na mwenge unaowaka vinapita katikati ya vile vipande.

Maana ya kupita katikati ya mnyama aliyepasuliwa tunaipata kwa nabii Yeremia, sura ya 34. Walioagana kwa njia hiyo walikuwa wanajiapiza: nikivunja agano hili, na mimi nifanywe kama ndama huyu. Kawaida unatarajia pande zote mbili zipite, au yule mdogo apite akimwapia mkubwa. Hapa aliyepita, kwa ishara ya ule moshi na ule moto, ni Mungu peke yake. Abramu amelala. Hakutamka kiapo, hakupiga hatua hata moja. Uzito wote wa agano, pamoja na laana ya kulivunja, Mungu aliuchukua upande wake.

Basi ahadi ile ilisimama juu ya nini? Juu ya uaminifu wa aliyeahidi. Imani ya Abramu ilikuwa kweli, lakini haikuwa nguzo ya agano. Yeye ndiye aliyekuwa ameegemea nguzo.

Ujira na neema

Paulo anaposimulia habari hii katika Warumi 4 anaweka tofauti ambayo mkulima wa korosho wa Tandahimba ataielewa haraka kuliko profesa. Anasema: "Lakini kwa mtu afanyaye kazi, ujira wake hauhesabiwi kuwa ni neema, bali kuwa ni deni."

Tangu mfumo wa stakabadhi ghalani ulipoanza kutumika kwenye korosho za Mtwara mwaka 2007, utaratibu tunaujua. Umepalilia, umepulizia salfa, umeokota, umeanika, umechambua. Unapeleka korosho AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, zinapimwa, zinapangiwa daraja, unapewa karatasi yenye jina lako na kilo zako. Fedha hujazipata, zitakuja baada ya mnada na makato, kupitia benki. Ni kweli kwamba unasubiri, na msimu wa 2018/2019 wengi walisubiri kwa miezi. Lakini karatasi ile inakupa haki ya kudai. Kilo zako ziko ghalani. Mtu akikulipa hajakufanyia hisani, amekulipa chako. Kwa lugha ya Paulo, hilo ni deni.

Watu wengi wanamwendea Mungu wakiwa na stakabadhi ya namna hiyo mawazoni. Nimefunga siku kadhaa. Sijawahi kunywa pombe. Natoa fungu la kumi. Nimelelea wajukuu yatima. Zikipimwa, kilo zangu zitatosha. Paulo anasema kwamba kwenye suala la haki mbele za Mungu hakuna mwenye kilo za kutosha ghalani, na Ibrahimu naye hakuwa nazo. Kisha anaandika sentensi ambayo, tukiwa wakweli, inashtua: "Lakini kwa mtu asiyefanya kazi, bali anamwamini yeye ampaye haki asiyekuwa mtauwa, imani yake mtu huyo imehesabiwa kuwa haki." Hakusema Mungu humpa haki mtu mwema. Amesema humpa haki asiyekuwa mtauwa, yaani asiyemcha Mungu.

Hapa ndipo wengi wanapoteleza, na ndipo fundisho la yule ndugu wa msibani linapoingilia. Mtu anasoma mstari huo na kusema: sawa, basi Mungu hataki tena kilo za matendo, anataka kilo za imani. Nikiwa na imani nyingi, nitalipwa. Huyo amebadilisha mzigo tu, ghala ni lilelile na mizani ni ileile. Imani ikishageuzwa kuwa kiasi fulani ambacho Mungu anakipima ndipo atende, imekuwa kazi nyingine, tena kazi ngumu kuliko kufunga, kwa sababu kufunga unaweza kuhesabu siku, lakini nani anaweza kupima moyo wake usiku wa manane mtoto akihema kwa shida?

Soma Injili ya Marko, sura ya 9. Baba mwenye mtoto mgonjwa anamlilia Yesu: "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu." Nusu ya sala yake ni kukiri kwamba imani yake ina matundu. Yesu hakumrudisha nyumbani akaiongeze. Alimponya mtoto.

Lakini je, Mungu anaandika uongo? Anamhesabia haki mtu asiye na haki, hilo si kufumbia macho maovu? Swali hili ni la haki kabisa, na jibu lake ndilo kiini cha Ukristo. Paulo haachi hesabu ikielea hewani. Anamalizia sura ya 4 kwa kumtaja Yesu, "ambaye alitolewa kwa ajili ya makosa yetu, na kufufuliwa ili mpate kuhesabiwa haki." Makosa hayakufutwa kwa kalamu kimyakimya, Kristo aliyabeba. Rudi kwenye ule usiku wa wanyama waliopasuliwa na uone jinsi Wakristo wengi wanavyousoma: agano lilivunjwa na wanadamu, lakini aliyepita katikati ya vipande ni Mungu, na katika msalaba laana ile ilimwangukia yeye aliyejiapiza, si sisi tuliokuwa tumelala.

Kabla ya kutahiriwa

Hoja inayofuata ya Paulo inahitaji kusomwa Kusini kuliko mahali pengine popote Tanzania, kwa sababu inahusu jando.

Anauliza: Ibrahimu alihesabiwa haki lini, akiwa ametahiriwa au hajatahiriwa? Ukifungua Mwanzo jibu ni la hesabu ya kawaida. Sura ya 15 anahesabiwa haki. Sura ya 16 anazaliwa Ishmaeli, Abramu akiwa na miaka 86. Sura ya 17 anatahiriwa akiwa na miaka 99, siku moja na Ishmaeli ambaye ana miaka 13. Kwa hiyo kwa zaidi ya miaka 13 Ibrahimu alikuwa mwenye haki mbele za Mungu bila alama yoyote mwilini. Tohara ilikuja baadaye kama muhuri wa haki aliyokwisha kuwa nayo.

Katika jamii zetu, Wamakua, Wayao, Wamakonde na Wamwera, jando si jambo dogo. Asiyepita jandoni huhesabiwa mtoto hata akiwa na ndevu. Vijana wakitoka, nguo mpya zimeshonwa, ngoma zinalia, mji mzima unakula, na kuanzia siku hiyo kijana anasikilizwa. Umisionari wa Kianglikana ulioanza Masasi mwaka 1876 ulikutana na desturi hii, na Vincent Lucas, aliyekuwa Askofu wa Masasi kuanzia 1926, anakumbukwa kwa uamuzi wake wa kutoipiga marufuku bali kuiingiza ndani ya Kanisa, sala na mafundisho ya Kikristo vikichukua nafasi ya matambiko. Nadhani alifanya jambo la busara. Kijana alibaki mtu wa kwao na akabaki Mkristo.

Hata hivyo Paulo anatuwekea mpaka. Alama ya mwilini, hata ikiwa imetolewa na Mungu mwenyewe, haizai haki. Inashuhudia haki. Na kama ni hivyo kwa tohara ya Ibrahimu, ni hivyo pia kwa vitu vyetu vya kujivunia: jina la ukoo uliotoa mapadre watatu, babu aliyekuwa mwalimu wa dini, kipaimara kilichofanywa na askofu fulani, au kuimba kwaya tangu utoto. Hakuna kati ya hivyo kinachodharauliwa. Lakini mtu aliyeingia kanisani jana, akitokea kwa mganga, akamtegemea Kristo kwa moyo ulioishiwa, amesimama mahali palepale aliposimama mzee wa kanisa mwenye miaka hamsini ya utumishi. Najua baadhi ya wazee hawapendi kusikia hivyo. Ibrahimu wa sura ya 15 alikuwa huyo mtu wa jana.

Paulo anaongeza jambo la kumshangaza msomaji wa zamani: ndiyo maana Ibrahimu ni baba wa wote waaminio, waliotahiriwa na wasiotahiriwa. Ahadi ingekuwa ya kabila moja kama ingefungwa kwenye alama ya kabila. Na kwa Wagalatia anaeleza kwamba torati ilikuja miaka 430 baada ya ahadi, kwa hiyo haiwezi kuitangua. Ahadi ilitangulia.

"Basi mkishaamini, kuiba ruksa?"

Huku pwani Wakristo na Waislamu tunaoana, tunazikana, tunakula pamoja. Ibrahimu ni mzee wetu sote, ingawa kila upande unasimulia habari zake kwa njia yake. Ndiyo maana swali hili huwa linaulizwa kwenye baraza, si kanisani. Shemeji yangu wa Mikindani aliniuliza tukiwa tunakunywa kahawa: "Shemeji, sasa nyie mkishaamini basi? Mtu aibe, azini, aseme naamini, imekwisha?"

Nilimwambia kwamba Paulo aliulizwa swali hilohilo, na alijibu kwa neno moja: "Hasha!" Liko katika Warumi 6. Aliyeunganishwa na Kristo amekufa pamoja naye na kufufuka pamoja naye. Ataendeleaje kuishi katika kile alichokifia? Shemeji alitikisa kichwa, akasema hilo linaeleweka, lakini mbona majirani zake hawaishi hivyo. Hapo sikuwa na jibu la kitabu.

Waraka wa Yakobo ndio unaoletwa hapa kila mara, na watu wanafikiri umempinga Paulo uso kwa uso: "mwanadamu ahesabiwa haki kwa matendo yake, si kwa imani peke yake." Tena Yakobo naye anamtaja Ibrahimu, na ananukuu mstari uleule wa Mwanzo 15! Kufungua fundo hili, uliza kila mmoja alikuwa anabishana na nani. Paulo anabishana na mtu anayeleta kilo zake kwa Mungu na kudai malipo. Yakobo anabishana na mtu anayesema "nina imani" huku ndugu yake hana nguo wala chakula cha siku, naye anamwambia nenda kwa amani, ukaote moto na kushiba, bila kumpa kitu. Imani ya mtu huyo ni kukiri tu kwamba Mungu ni mmoja, na Yakobo anamwambia mashetani nao wanaamini hivyo na kutetemeka. Paulo naye asingeiita hiyo imani.

Tena Yakobo anataja tukio la Ibrahimu kumtoa Isaka mwanawe kama sadaka juu ya madhabahu. Hilo liko katika Mwanzo 22, miaka mingi baada ya usiku wa nyota. Anachosema ni kwamba neno lililoandikwa katika sura ya 15 lilionekana ukweli wake katika sura ya 22. Mzee aliyemwamini Mungu kwa ahadi ya mtoto, sasa anamwamini Mungu hata na mtoto mwenyewe. Matendo hayakuinunua haki ile, yaliionyesha. Paulo mwenyewe, akiwaandikia Wagalatia, anasema kilicho na nguvu ni imani itendayo kazi kwa upendo.

Ahadi zipi?

Sehemu hii inahitaji ujasiri kidogo, kwa sababu biashara ya ahadi imeota mizizi. Ukipita mijini utasikia vipaza sauti: dai ahadi yako, panda mbegu upate gari, nunua mafuta ya upako, maji ya upako. Mtu wa Lindi aliyeuza ufuta wake anaondoka mkutanoni mfuko mtupu akiwa ameahidiwa kwamba msimu ujao utakuwa mara saba. Huko ni kuirudisha stakabadhi kwa mlango wa nyuma, tena mbaya zaidi, kwa kuwa aliyetoa karatasi si Mungu. Sioni namna ya kulisema hili kwa upole zaidi: anayeuza kile Mungu alichosema anatoa bure, anawaibia maskini.

Ahadi za Biblia zina aliyesema, aliyeambiwa na wakati wake. Chukua Yeremia 29:11, mstari unaopendwa sana, upo kwenye vioo vya magari na kwenye simu za watu: mawazo ninayowawazia ninyi ni mawazo ya amani wala si ya mabaya. Ni neno zuri, na ni kweli. Lakini lilikuwa kwenye barua waliyopelekewa mateka wa Babeli, na mstari wa 10, ambao hakuna anayeubandika kwenye gari, unasema miaka sabini itimie kwanza. Wengi walioisoma barua ile walizikwa Babeli. Waliambiwa wajenge nyumba, wapande bustani, waoze watoto wao, na wauombee amani mji ule uliowateka. Kutegemea ahadi kwao kulimaanisha kupanda mti ambao matunda yake yataliwa na wajukuu kwenye nchi ya ugenini.

Ibrahimu vilevile. Aliahidiwa nchi nzima. Alipokufa, sehemu pekee aliyokuwa na hati yake ni shamba la Makpela pamoja na pango lake, alilolinunua kwa shekeli 400 za fedha ili amzike Sara. Alimwona Isaka, ndiyo, baada ya miaka 25 ya kungoja, yeye akiwa na miaka 100. Nyota zile hakuziona zote. Waebrania 11 wanasema wazi kuhusu watu wa namna yake kwamba walikufa katika imani, hawajazipokea zile ahadi, waliziona kwa mbali na kuzishangilia.

Kwa hiyo kuna mambo ambayo Mkristo anaweza kuyategemea bila masharti: kwamba amesamehewa kwa ajili ya Kristo, kwamba hatatengwa na upendo wa Mungu, kwamba wafu watafufuliwa, kwamba Mungu yupo naye wodini na makaburini. Na kuna mambo anayoyaomba kwa machozi na kwa haki yote, kama uponyaji wa mtoto, bila kuambiwa popote kwamba atayapata kila mara akiamini vya kutosha. Paulo aliomba mara tatu mwiba wa mwilini mwake, yaani taabu iliyomsumbua, uondolewe. Haukuondolewa. Akaambiwa: "Neema yangu yakutosha." Nani atasimama aseme Paulo alikosa imani?

Makanisa walibishana nini?

Ugomvi wa Ulaya wa karne ya 16 nitaupitia kwa kifupi, kwa vile watu wa Kusini tumeurithi bila kuuchagua. Martin Luther, mtawa wa Ujerumani, alitesekea sana swali la kama amefanya vya kutosha, na Warumi 1:17, "mwenye haki ataishi kwa imani", ndiyo iliyomfungua. Alipopinga uuzaji wa vyeti vya msamaha mwaka 1517, mzozo ukalipuka. Mtaguso wa Trento, yaani mkutano mkuu wa maaskofu, mwaka 1547, ukajibu kwa upande wa Kanisa Katoliki. Kwa ufupi, Walutheri walisisitiza kwamba Mungu humtangaza mwenye dhambi kuwa na haki kwa ajili ya Kristo. Wakatoliki walisisitiza kwamba neema hiyo pia humfanya mtu kuwa mwenye haki kwa ndani, kwa kumbadilisha. Kila upande uliogopa jambo la kweli. Mmoja uliogopa majivuno, mwingine uliogopa uvivu.

Wengi hawajui kwamba tarehe 31 Oktoba 1999, mjini Augsburg, Kanisa Katoliki na Shirikisho la Walutheri Duniani walitia sahihi tamko la pamoja wakikiri kwamba ni kwa neema tu, kwa kuiamini kazi ya Kristo iokoayo na si kwa stahili yoyote yetu, tunakubaliwa na Mungu na kupokea Roho Mtakatifu anayetufanya upya na kututia nguvu ya kutenda mema. Wamethodisti waliliunga mkono mwaka 2006, na Baraza la Ushauri la Waanglikana lililokutana Lusaka mwaka 2016 likalipokea. Tofauti zimebaki, na si ndogo. Lakini Mkatoliki wa Nyangao na Mwanglikana wa Masasi wanaobishana sokoni kana kwamba mmoja anaokolewa kwa matendo na mwingine kwa imani, wanabishana kwa niaba ya watu walioshaketi meza moja.

Kwa walimu wa dini na wakatekista wetu nina ombi moja, nao ndio wanaobeba kazi hii kwa baiskeli na kwa miguu vijiji vyote hivi. Madarasa mengi ya ubatizo na kipaimara yanaanza na Amri Kumi, kisha makatazo ya kanisa, kisha michango. Anzeni na Mwanzo 15. Watoeni vijana nje usiku mmoja, muwasomee sura yote, pamoja na malalamiko ya Abramu na lile swali lake la pili, na muwaeleze kwa nini mwenge ulipita peke yake. Amri zifuate baadaye, kwa mpangilio ambao Mungu mwenyewe alizitoa, miaka 430 baada ya ahadi. Kijana aliyeanzia hapo, siku atakapokaa mkekani karibu na mama aliyefiwa, atajua maneno ya kutosema.